Toto Kwisha Lala

Wewe mama uliyekaa sasa kwenye benchi, nje ya chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na umeambiwa usiingie, nakuandikia wewe. Mimi sikusoma sana. Shule ya misheni niliiacha darasa la pili, nilitoka najua kusoma Biblia pole pole na kuandika jina langu, kuandika mengine nimeokota mjini. Kwa hiyo usitafute humu maneno ya daktari. Nitakuambia yaliyonipata, na walioyafanya nitawataja, maana wao wamekaa miaka hii yote wakila na kulala vizuri, na aibu nimeibeba mimi peke yangu.

Ugonjwa ulianza miguuni. Ilikuwa mvua ndefu, miaka ile wakoloni walipotangaza hali ya hatari, wakati huwezi kutoka Dagoretti Corner kwenda mjini bila kusimamishwa na askari. Mimba haikuwa imefika hata miezi saba. Kwanza viatu vikakataa kuingia, halafu uso ukafura mpaka mtoto wangu mkubwa, Kisia, akaogopa kunikaribia. Mume wangu, Elam, alikuwa mpishi kwa wazungu huko Karen, na nyumbani alikuja siku za mapumziko tu. Niliyekaa naye ni shangazi yake, Senge Rasoa. Nikimwonyesha miguu, anacheka.

"Mjini mnakula mkate kila siku," aliniambia. "Ulitaka ukonde?"

Siku nilipoona giza na kuanguka mbele ya duka, watu wa dukani ndio walionibeba. Senge alikuwa nyumbani anasuka nywele. Safari siikumbuki. Nakumbuka nilizinduka hospitalini mjini, ulimi nimeuuma umevimba mdomo mzima, na tumbo halipo.

Mtoto alikuwa msichana. Sikumwona mara moja, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa kugeuzwa kitandani kama gunia. Nilipoweza kusimama walinipeleka kwenye dirisha la kioo. Chumba kile kilikuwa na joto kama jikoni. Watoto walilazwa kwenye visanduku vya mbao, wamezungushiwa pamba na chupa za maji moto zilizovishwa soksi. Wangu alikuwa wa mwisho, karibu na ukuta. Alikuwa mwekundu, ana manyoya mgongoni, na ngozi imemzidi kama kavaa nguo ya kuazima. Kimpira chembamba kilimwingia puani. Watoto kama hao watu huwaita njiti, na mimi nilimwona, kweli, kijiti cha kibiriti.

Mwanamke mmoja akaja kusimama karibu nami. "Wako ni yupi?" akauliza. Nikamwonyesha wa mwingine, aliyenona kidogo.

Nesi wa chumba kile aliitwa Mwanaidi, mtu wa Mombasa, Mwislamu, kitambaa cha kichwa amekishusha mpaka kwenye nyusi. Alifundishwa kazi ya watoto hao tu. Wodi nyingine hakushika. Kabla ya kumgusa mtoto alinawa mpaka kwenye viwiko, halafu akaitia mikono kwenye maji ya moto ipate joto, kwa sababu mkono wa baridi, alisema, unaweza kumfanya mtoto mdogo vile asahau kuvuta pumzi. Ndilo neno lake hilo: asahau. Na pale mlangoni alikuwa kama simba.

"Sista, nataka kuingia. Ni mtoto wangu."

"Ni wako, mama. Ndiyo maana nataka umkute."

"Basi kazi yangu mimi ni nini? Kutazama dirisha?"

"Kazi yako ni kubwa kuliko yangu. Maziwa. Mimi najua kumtilia tone tone kwenye mpira, lakini kuyatoa siwezi. Hayo anayoyakubali ni ya mama, kwa ya ng'ombe tumbo lake halijawa tayari. Yaje kila siku, na yaje safi."

Nilimchukia. Nilimwona mtu anayejifanya mwenye mtoto.

Kitanda changu kilipotakiwa nikarudishwa nyumbani, na ndipo aibu ikaanza kutembea na mimi barabarani. Asubuhi najikamua, natia kwenye chupa iliyochemshwa, nafunga kwa kitambaa, napanda basi la Ngong Road mpaka mjini, halafu naenda kwa miguu, napita River Road katikati ya mikokoteni na mafundi wanaogonga mabati. Kifua kinavuja, blauzi imelowa, na mimi sina mtoto mgongoni wa kuonyesha sababu. Senge alisema nafanya uchawi. "Maziwa ya mwanamke hayabebwi kwa chupa. Yakimwagika, mtu akayakanyaga?" Na asubuhi moja, kwenye kizuizi, askari akanitoa kwenye foleni.

"Fungua. Nini hiyo?"

"Maziwa, afande. Ya mtoto, yuko hospitali."

"Ya ng'ombe gani?"

"Ya mtoto, afande."

"Nauliza ng'ombe! Umetoa wapi?"

Watu wote wananitazama. Nikasema, "Ni yangu."

Akaleta pua kwenye chupa, akanusa, akamwita mwenzake. "Kuja uone, huyu amejikamua mwenyewe!" Foleni nzima ikacheka, hata mzee mmoja wa kanisani kwetu aliyekuwa nyuma yangu. Nitamtaja sasa hivi: Zakaria, mzee wa kanisa, mwenye kutangaza matangazo. Alicheka mpaka akashika kofia.

Mvua ilipokuwa inaisha, nikafika dirishani nikakuta pazia limeshushwa. Mwanaidi akatoka, mikono yake inatoa mvuke. Akachukua chupa.

"Leo usingoje, mama. Amechoka, anasahau pumzi kila mara, tuko juu yake. Nenda ukale, uendelee kukamua. Akitulia nitapiga simu kule kwa tajiri wa mumeo."

"Na asipotulia?"

"Nitapiga vile vile."

Sasa nikuambie juu ya huyo tajiri. Jina lake la kizungu ulimi wangu haukuliweza. Wafanyakazi walimwita Memsahib Upesi, kwa kuwa hilo ndilo neno la Kiswahili alilolijua kabisa. Amekaa nchi hii tangu Elam akiwa kijana wa kuchunga, na bado alisema kama mtu aliyeteremka jana. Mimba yangu aliisikia, na mtoto alipozaliwa alimwambia Elam, "Toto kidogo sana, hapana weza kaa." Elam akaja kunieleza hivyo hivyo, kama mtu anayesoma bei ya sukari.

Siku iliyofuata Elam akafika kwa baiskeli kabla jua halijashuka. Haikuwa siku yake ya mapumziko. Aproni ilikuwa bado kiunoni.

"Mama Kisia, keti."

"Nimeketi."

"Hospitali imepiga simu. Memsahib ameniita, akaniambia, 'Toto yako kwisha lala. Mzuri sana. Sasa lete chai, upesi.'"

"Mzuri sana?"

"Ndivyo alivyosema. Na alikuwa anatabasamu."

Wewe unayesoma haya labda si wa kwetu. Sisi watu wa kanisa, tuliotoka Maragoli, hatusemi mtu amekufa. Ni neno baya. Tunasema amelala. Zakaria kila Jumapili alisimama akatangaza, ndugu fulani amelala, matanga kwa fulani. Sasa ukiambiwa kwisha, na ukaambiwa lala, na aliyekuambia ni mtu aliyesema zamani kwamba mtoto hawezi kuishi, utangoja nini tena? Hiyo "mzuri sana" tulijua maana yake. Tulijua anaona heri imekuwa hivyo. Nikamtukana memsahib kwa Kimaragoli mpaka Senge akaziba masikio ya Kisia.

Nikasema niende nikamchukue mtoto wangu nimwone. Senge akasimama mlangoni: aliyefiwa na mtoto mchanga hatoki, atawaharibia wengine matumbo. Zakaria aliyekuja na kitabu cha nyimbo akasema, "Hawa wadogo hospitali huzika wenyewe, dada. Utaenda kutazama nini?" Elam akaegemea baiskeli. Mume wangu huyo, ukipenda mwite hivyo.

Basi Senge akanifunga kifua. Alichana shuka, akanizungushia, akakaza kwa goti mpaka pumzi ikawa kazi. Kidogo kilichotoka kikamwagwa nyuma ya nyumba kikafunikwa udongo. Kwa kawaida mtoto kama yule huzikwa kimya kimya, lakini Zakaria alisema kanisa haliangalii ukubwa wa jeneza. Wakaja akina mama, wakatandika mikeka, wakaimba. Nami nililia. Lakini chini ya kilio palikuwa na kitu kingine, nitakiandika kwa sababu huenda na wewe unacho na unadhani umekuwa mnyama: nilipumzika. Nilifikiri, sitasimama tena mbele ya askari yule.

Kesho kutwa yake, Jumamosi mchana, watu wanakula, Elam yuko pale, nikasikia hodi ya mtu asiye wa kwetu. Alikuwa Mwanaidi. Ameteremka basi Dagoretti Corner akaulizia mlango kwa mlango, sare ya nesi chini ya buibui, viatu vimejaa matope.

"Namtafuta Mama Kisia."

"Sema pole pole, mwanangu," Senge akamwambia. "Tuko kwenye msiba."

"Poleni sana. Kafariki nani?"

"Mtoto wake."

"Innalillahi! Yule mkubwa?"

"Yule wa hospitali."

Mwanaidi akamtazama Senge, akatazama sufuria, akatazama watu na matonge yao mkononi. "Yule wa hospitali nimemwacha asubuhi hii anapiga chafya."

Hakuna aliyemeza. Zakaria akafunga kitabu. "Dada, kwenye matanga hatufanyi mzaha."

"Mimi sifanyi mzaha, mzee. Mzaha nimeukuta hapa."

Elam akainuka. "Memsahib alisema kwisha lala."

"Na kweli alilala! Baada ya kuhangaika usiku kucha, alipata usingizi, pumzi zikawa nzuri. Nilimwambia memsahib wako kwa Kiingereza, mwambie baba yake mtoto ametulia, amelala, mama alete maziwa."

"Ya maziwa hakusema."

"Ulimwuliza?"

"Mpishi hamwulizi memsahib mara mbili."

"Nilimwomba akupe simu niseme nawe mwenyewe. Akaniambia simu si ya mpishi." Mwanaidi akapangusa uso kwa ncha ya buibui. "Haya. Mama yuko wapi?"

Nilikuwa mkekani, mbele yake. Na unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Unanidanganya." Kwa sababu wanawake wale walikuwa wananitazama, chakula cha matanga kiko mdomoni mwao, nyimbo zimekwisha imbwa, na ilikuwa rahisi zaidi mtoto awe amekufa kuliko mimi niwe mjinga mbele yao. Mwanaidi akasogea mkekani. Alichuchumaa, akagusa kifua changu kilivyokazwa, na hapo ndipo sauti yake ilipobadilika.

"Nani kakufunga hivi?"

"Ni mimi," Senge akasema. "Kwani wewe ni nani?"

"Fungua, bibi. Fungua sasa hivi. Juzi na jana nimemlisha kwa maziwa niliyoombaomba kwa mama mwingine wodini, na mama huyo karudi kwao leo. Mtoto huyu sasa hana kitu."

Wakanifungua pale pale ndani, watu wamejazana mlangoni. Kitambaa kilikuwa kikavu. Nilikandamiza, halikutoka hata tone.

Mwanaidi alinipeleka mjini kwa basi, mkono wake umenishika kama mtu anayemshika mwizi. Ilibidi tufike kabla ya saa ya kufungwa njia. Akanipatia mkeka kwenye chumba cha kuwekea mashuka, karibu na chumba chake cha joto, akazungumza na mkubwa wake mzungu nikaruhusiwa kukaa. Akanipa uji, vitambaa vya moto vya kuweka kifuani, na amri: kamua, hata kama hakuna, kamua. Nilikamua matiti matupu mpaka vidole vikashindwa kushika kijiko. Wanawake waliopita kuchukua mashuka walinikuta nimekaa uchi wa kifua, nalia, navuta kitu kisichokuja. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, nikasikia: "Ndiye aliyefanya matanga ya mtoto mzima." Habari ilikuwa imenifuata mpaka mle.

Mtoto akawa anapewa maji ya sukari na maziwa ya kopo yaliyochujwa na kuongezwa maji. Tumbo likamjaa. Nilikuwa dirishani nilipoona rangi yake inageuka, kutoka nyekundu kwenda kama majivu. Nikapiga kioo kwa viganja. Mwanaidi alikuwa ameshafika. Hakukimbia, ndicho kilichonishangaza. Kila kitu alifanya haraka lakini hakukimbia. Alimgeuza, akampiga nyayo kwa kidole, chwa, chwa. Hakuna. Akamsugua mgongo. Hakuna. Akachukua kichupa cha kioo chenye mpira wa kunyonyea, ncha moja akaitia kinywani mwa mtoto, ncha ya pili kinywani mwake mwenyewe, akanyonya. Akatema kwenye karai. Akanyonya tena. Mwenzake alikuwa ameshasogeza chupa kubwa ya hewa. Akapiga nyayo tena, na mtoto akakunja uso, akalia sauti ya paka, na rangi ikarudi kuanzia mdomoni.

Mwanamke yule, asiye ndugu yangu wala wa dini yangu, alivuta makamasi na maziwa yaliyoharibika ya mtoto wangu kwa kinywa chake. Na mimi nilikuwa nimeona haya kubeba maziwa yangu mwenyewe ndani ya basi. Sikuweza kumtazama aliponijia nje.

"Umeona?" akasema, bado anahema. "Sasa nirudishie hayo maziwa, mwenzangu. Mimi nimechoka kutema."

Nilicheka. Ndiyo mara ya kwanza tangu miguu inifure. Na sijui kama ni kicheko au ni uji wake, lakini jioni ile tone moja likaja, la njano, likashika kwenye kijiko. Nikaona haya kumwita kwa tone moja. Nikamwita. Akalitazama kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe mzima.

"Hicho ni chakula," akasema, akalipeleka.

Baridi ya Julai ilinikuta bado mle. Kulikuwa na majira ya mpira, halafu majira ya kijiko, na Mwanaidi akaanza kuniruhusu ndani, mikono imechomwa na maji moto, kitambaa puani. Alinifundisha kumnywesha mwenyewe, kumpiga nyayo akisahau, kutofautisha usingizi na ule ukimya mwingine. "Mimi sitakuja kuishi Dagoretti Corner," alisema kila nikikosea. Elam alikuja akasimama dirishani na kofia mkononi. Alinieleza kwamba Memsahib Upesi aliisikia habari ile, akawasimulia wageni mezani, kwa Kiingereza, na wageni wakacheka mpaka wakapangusa macho, yeye Elam akiwa amesimama na bakuli la supu. Nikamwuliza alifanya nini. "Niliwagawia supu," akasema. Zakaria naye aliombwa atangaze kanisani kwamba mtoto yuko hai. Alikataa. Alisema kanisa likitangaza kitu mara mbili watu watacheka. Mpaka leo katika kanisa lile binti yangu ni marehemu, na sasa ananipita urefu.

Basi mama, nikupe yale machache niliyonayo. Ukiletewa habari ya mtoto wako kwa mdomo wa mtu, inuka uende mwenyewe, hata wakikuziba mlango. Usimwache mtu akufunge kifua kabla hujaona kwa macho yako. Na yule nesi unayemchukia kwa sababu hakukuruhusu kuingia, mwulize amemshika mtoto wako kwa muda gani leo. Mwulize tu.

Tulitoka hospitalini miti ya maua ya zambarau ikiwa imeanza kumwaga maua barabarani. Mtoto alikuwa bado mdogo, lakini ananyonya mwenyewe. Nyumbani tulimkuta Senge Rasoa mlangoni, na Zakaria na akina mama wawili wa kanisa nyuma yake.

"Aliyeliliwa haingii kwa mlango," Senge akasema. "Apitishwe dirishani, kwanza kuku achinjwe. Ama utatuletea kifo humu."

Nikamtazama Elam. Elam akatazama dirisha, nafikiri kweli alikuwa anapima kama mtoto atapita.

"Baba Kisia," nikamwambia, "mwondoe shangazi yako mlangoni."

Nikaona jasho likimtoka kipajini. Halafu akamshika Senge mkono, kwa heshima, akamsogeza. Ni jambo moja tu alilonifanyia mwaka ule, na nimeliandika ili nisiseme uongo.

Nikaingia kwa mlango. Wakanifuata ndani, Senge analaani, Zakaria anakohoa. Mtoto akaanza kulia, ile sauti yake ya paka. Nikaketi kitandani mbele yao wote, nikafungua blauzi. Ningependa kukuambia kwamba siku hiyo sikuona haya. Niliona, mpaka masikio yakawaka moto. Lakini alinyonya, na mimi sikujifunika.